Marehemu Mbaraka Mwinshehe

Marehemu Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka 1944, na katika miaka ya 1960 akajiunga na Morogoro Jazz. Mji wa Morogoro ulikuwa na bahati ya wanamuziki, maana Salum Abdallah wa Cuban Marimba naye alikuwa wa huko huko. Kwa gita lake na sauti yake, Mbaraka akawa ndiye bendi yenyewe machoni pa watu. Mwaka 1970 walifika hata Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia.

Lakini mwaka 1973 aliwaacha wenzake, akaunda bendi yake, Super Volcano. Juu ya jambo hili mimi na mjomba wangu, fundi wa majahazi hapa Mafia, hatupatani kabisa. Yeye asema mtu haachi chombo kilichomvusha. Mimi nasema aliyekwisha kujua kushika usukani ana haki ya kutafuta chombo chake. Kusema kweli hatumsemi Mbaraka peke yake: mjomba ataka nikimaliza shule nibaki bandani kwake, nami nataka kujenga mashua zangu mwenyewe.

Bendi zile ziliishi kwa safari, zikipiga dansi mji kwa mji. Ajali ya barabarani ilimwua Salum Abdallah mwaka 1965. Na Januari 1979 nyingine ikamwua Mbaraka karibu na Mombasa, umri wake miaka 34 tu. Mjomba huitaja ajali hiyo kana kwamba ni adhabu. Namjibu kwamba "Shida", wimbo aupendao kupita zote, ulipigwa na Super Volcano. Hapo hushika tezo lake akaendelea kuchonga.