Diski Ngumu Safarini: Onyo Tulilolifundisha Bila Kulichunguza

Kwa muda wa miaka kadhaa tulikuwa tukiwafundisha walimu wanafunzi wetu kwamba diski ngumu ya kompyuta isipitishwe kamwe katika mashine ya eksirei ya uwanja wa ndege, kwa kuwa mionzi hiyo hufuta kila kilichohifadhiwa ndani yake. Tuliyasema hayo kwa sauti ya uhakika, nao wakayaandika katika madaftari yao. Hatukuwa tumeyajaribu, wala hatukuwa tumeuliza yametoka wapi. Katika makala haya tungependa kueleza jinsi safari moja ya ndege, kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ilivyotusahihisha, na gharama tuliyoilipa.

Diski tuliyoibeba siku hiyo ilikuwa na sauti. Kwa miaka mitatu, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tulikuwa tumerekodi watoto wa Darasa la Kwanza wakisoma silabi zao za mwanzo katika shule za vijijini, ili wanachuo wayasikie makosa halisi ya wasomaji wachanga badala ya kuyasoma vitabuni tu. Miongoni mwa sauti hizo ilikuwamo ya mwalimu mmoja mstaafu, aliyekubali kuingia tena darasani kwa asubuhi moja ili atuonyeshe namna alivyokuwa akifundisha irabu kwa wimbo na makofi. Mzee huyo alifariki dunia miezi michache baadaye. Tulikuwa tukizipeleka sauti hizo kwa wakufunzi wenzetu walioomba kuzitumia. Nakala nyingine hatukuwa nayo.

Tulipofika mahali pa ukaguzi tuliikumbatia diski kifuani, tukakataa kuiweka juu ya mkanda wa mashine. Mkaguzi, binti wa rika la wanafunzi wetu, alituamkia kwa adabu, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, tangu alfajiri zimepita hapa kompyuta za abiria wengi, na kila moja ina kumbukumbu yake ndani. Kama mashine hii ingekuwa inafuta, wenyewe wangenyamaza?" Hatukuwa na jibu. Tuliiweka diski juu ya mkanda, nayo ikatokea upande wa pili.

Tukiwa angani tulijiuliza hofu yetu ilizaliwa wapi. Zamani abiria wengi walisafiri na filamu za kamera ambazo hazijasafishwa. Filamu huathiriwa na mwanga, na mionzi ya eksirei, ambayo ni jamaa ya mwanga, huweza kuitia ukungu. Onyo lile lilikuwa la kweli kwa filamu, na hata leo ni la kweli. Sisi tulilibandua kutoka kwenye filamu tukalibandika kwenye diski, bila kuuliza kama vitu hivyo viwili huhifadhi mambo kwa njia moja. Diski ngumu huhifadhi kwa sumaku: sehemu ndogo mno za utando wake huelekezwa kisumaku upande huu au upande ule. Mionzi ya mashine ya mizigo haiwezi kuzigeuza. Lango la kutambua vyuma nalo hutumia nguvu ya sumaku, lakini nguvu hiyo ni dhaifu mno kuidhuru diski.

Jioni ile, katika chumba cha wageni, tuliiunganisha diski na kompyuta. Sauti zote zilikuwamo. Tulimsikia mzee akipiga makofi na watoto wakimwitikia, tukafurahi kupita kiasi. Tukainuka upesi kwenda kumwita mwenzetu wa chumba cha pili, mguu ukanasa katika waya, na diski ikaanguka sakafuni ikiwa bado inazunguka. Kimo cha meza hakikufika hata mita moja. Ilipounganishwa tena ilitoa mlio wa kugonga tu. Fundi aliokoa baadhi ya sauti za watoto. Ya mzee haikupatikana.

Yafaa tueleze sababu. Ndani ya diski ya namna hii mna sahani ngumu zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, yaani 90 kwa sekunde. Kichwa cha kusomea hakizigusi sahani hizo. Huelea juu yake kwa hewa inayosukumwa na mzunguko wenyewe, katika nafasi iliyo nyembamba mara maelfu kuliko unywele. Diski ikipata mshtuko wakati huo, kichwa huweza kuikwaruza sahani, na kilichokwaruzwa hakirudi. Ikiwa imezimwa, kichwa huwa kimeegeshwa mahali pa salama, na diski huvumilia mshtuko mkubwa zaidi, ingawa si kila mshtuko. Kumbukumbu za kisasa zisizo na sahani wala kichwa hazina udhaifu huu. Diski ngumu ya kwanza kuuzwa, iliyotolewa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, na mtambo wake ulikuwa na uzito wa tani moja hivi. Huo haungeangushwa na mguu ulionasa katika waya. Ya leo huingia mfukoni, na wepesi wake hutudanganya.

Tuliporudi chuoni tungeweza kunyamaza, kwa maana hakuna aliyejua. Lakini wanachuo wale walikuwa karibu kwenda kufundisha, na kosa letu lingekwenda pamoja nao. Tukaiandika ubaoni sentensi ile tuliyowafundisha, tukaikata kwa mstari, tukawasimulia yote. Mmoja wao akasimama akauliza: "Mkufunzi, tutajuaje ni lipi jingine ulilotufundisha ambalo si kweli?"

Swali hilo lilituuma, nalo lilikuwa la haki. Tukamjibu kwamba kila anapopewa onyo aulize mambo matatu: limetoka wapi, kitu chenyewe hufanyaje kazi, na tungeona nini kama onyo lingekuwa la kweli. Yule mkaguzi alikuwa ameuliza hilo la tatu pasipo kufundishwa nasi.

Mwanachuo mwingine akayatumia maswali hayo papo hapo. Je, urefu wa angani haudhuru diski, ikiwa kichwa chake huelea kwa hewa? Tukafurahi, maana hapo hofu ina msingi. Diski nyingi za kawaida zimetengenezwa kufanya kazi mpaka kimo cha mita 3,000 hivi, kwa sababu juu zaidi hewa ni nyepesi. Ndege huweza kuruka mita 10,000 na zaidi, lakini hewa ya ndani hushindiliwa ili ifanane na ile ya kimo kisichozidi mita 2,400 hivi. Kwa hiyo diski huweza kutumika ndani ya ndege. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, afadhali isiwashwe. Darasa likacheka, lakini likaelewa.

Kwa watoto wa shule ya msingi, sumaku, pini na tochi vyatosha kuanzia. Pini zining'inizwe kwenye sumaku, watoto watabiri litakalotokea zikimulikwa, kisha wamulike na kutazama. Hilo si jaribio la eksirei yenyewe, lakini humwonyesha mtoto kwamba mwanga na sumaku ni mambo mawili.

Na kwa mwalimu atakayesafiri na kazi yake: atengeneze kwanza nakala ya pili na kuiacha nyumbani. Diski aibebe mkononi, ikiwa imezimwa na kufungwa katika kitu laini, kwa kuwa mizigo ya chini hurushwarushwa. Afikapo, aiweke mahali tambarare, mbali na njia ya miguu, wala asiiguse mpaka itulie.

Tumeanza kuwarekodi watoto upya. Wimbo wa mzee twaufundisha kwa kuukumbuka tu, wala hatuna hakika tena kama makofi yake kabla ya irabu ya mwisho yalikuwa matatu au manne.