Nani Ataingia Mtungini

Neno "asili" limechoka. Limebandikwa kwenye sabuni, kwenye mafuta ya nywele, kwenye juisi za pakiti, na sasa limefika kwenye mvinyo. Huko Ulaya na Marekani watu wanalipa pesa nzuri kwa chupa ambayo sifa yake kuu ni kwamba haikuongezwa kitu. Nilikwenda Georgia (ile ya milima ya Kaukazi, si jimbo la Marekani) na mashaka yangu yote, nikakaa siku nne kwa familia moja yenye shamba dogo la mizabibu karibu na mji wa Telavi, mkoa wa Kakheti. Nilichokikuta zaidi ya yote ni kazi ya kuosha.

Mvinyo wa pale unakaa kwenye kvevri, mtungi mkubwa wa udongo wenye umbo la yai, uliozikwa ardhini mpaka shingoni. Ukiingia kwenye chumba chake, marani, huoni mtungi wowote; unaona sakafu yenye matundu ya duara, utadhani visima. Zabibu zinakanyagwa kwa miguu ndani ya hori la gogo, kisha maji yake, maganda, mbegu na hata vikonyo vinashuka mtungini pamoja. Hamira haiwekwi, ile iliyo kwenye ganda la zabibu inatosha. Yakianza kuchachuka, mtu anakuja na mti mrefu mara kadhaa kwa siku kuyasukuma chini maganda yanayoelea. Yakitulia, mtungi unafunikwa na kuzibwa, na ardhi inafanya kazi ya friji mpaka baridi iishe. Zabibu nyeupe, Rkatsiteli kwa mfano, ikikaa na maganda yake miezi mitano au sita inatoa mvinyo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Hata ule ukakasi mdomoni ni wa chai.

Sasa, kama huongezi dawa, kilichobaki kukulinda ni usafi. Mtungi mchafu unaharibu mavuno ya mwaka mzima. Kwa hiyo kabla ya mavuno mtu anaingia ndani, mwili mzima, na brashi ya magamba ya mcheri, anasugua kuta zilizopakwa nta ya nyuki. Maji ya chokaa, maji ya moto, maji safi, tena na tena. Mzee mwenye nyumba ana kipimo kimoja tu: maji ya mwisho yakitolewa, anachota kikombe anakunywa. Akanipa na mimi. Yalikuwa maji tu, na hilo ndilo lililotakiwa.

Zamani aliingia mwenyewe. Siku hizi tumbo na magoti vimekataa. Mwanawe yuko Poland, anafanya kazi ya ujenzi. Aliyeshuka alikuwa mjukuu wa kike, miaka 19, mwanafunzi Tbilisi, aliyekuja wikiendi ile. Marani ina mitungi saba. Mitatu ndiyo inayotumika.

Nilimtajia mzee ule utafiti wa 2017, kwamba vigae vilivyofukuliwa kusini mwa Tbilisi vina mabaki ya mvinyo wa miaka 8,000 hivi. Akacheka. "Hiyo 8,000 ni ya serikali," mjukuu alitafsiri. "Mimi nahesabu mwaka kesho." Ana haki. Enzi ya Sovieti viwanda vilitaka wingi, na kati ya aina zaidi ya 500 za zabibu za nchi hiyo vikashikilia chache. 1985 ikaja kampeni ya Gorbachev dhidi ya pombe, mizabibu ikang'olewa. 2006 Urusi, mnunuzi mkubwa, ikafunga mlango hadi 2013, mwaka uleule UNESCO ilipoingiza utengenezaji wa mvinyo wa kvevri kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Yote hayo yamepita juu ya sakafu ile yenye matundu. Kinachomtisha mzee ni kidogo zaidi: kiwanda kinachukua zabibu palepale shambani na kulipa, na jirani zake wengi wameona heri hiyo kuliko kuingia mtungini.

"Kwenu nani anaingia?" mjukuu aliniuliza, kichwa tu kikionekana sakafuni.

Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye pipa la mbege la mama, Moshi. Ndizi, ulezi ulioota, msesewe. Naye alikuwa anaosha kwanza, anaosha sana, na ole wako uguse pipa na mkono wenye mafuta. Tuko watoto wanne, wote tuna shahada, na hakuna anayeweza kupika mbege ya kunyweka. Nilimjibu kwamba hakuna mtu. Akaitikia kwa kichwa kama aliyesikia habari za kawaida kabisa.

Jioni ile nilimpigia mama, nikamuuliza msesewe unatwangwa kiasi gani. Alinyamaza kidogo. "Wewe unataka kuandika," alisema, "au unataka kupika?"

Kesho yake mjukuu aliosha mtungi wa nne. Babu hakuwa amemwomba. Alikunywa kikombe chake cha maji, akachungulia ndani muda mrefu, kisha akaenda shambani kuhesabu safu za mizabibu ambazo alikuwa ameshamwahidi mtu wa kiwanda.