Maporomoko ya Sanje na barua ya mfukoni

Alhamdulillah, zipo safari ambazo mtu huzifunga kwa kumfuata mwenzake, na zipo anazozifunga kwa kumkimbia. Hii ninayoisimulia ilikuwa ya aina ya pili.

Wiki tatu kabla yake, katika kikao cha kamati ya msikiti wetu baada ya swala ya Isha, nilimhoji mzee wetu mweka hazina kuhusu risiti za ujenzi wa birika la kutawadhia. Swali lilikuwa la haki. Namna nilivyoliuliza, mbele ya vijana walio umri wa wajukuu zake, haikuwa ya haki. Mzee aliondoka kabla ya dua ya kufungia kikao. Tangu usiku huo tuliswali safu moja bila kupeana mkono. Mimi niliyesoma chuoni, niliyewafundisha watoto wa madrasa kwamba Mtume (SAW) amemkataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, nikafikisha siku ishirini na moja. Niliandika barua ya kujiuzulu ukatibu, nikaitia mfukoni, nikaenda Ifakara kwenye nikaha ya binamu yangu.

Wakati wa kurejea nilishuka Mang'ula, chini ya Milima ya Udzungwa, nikitamani siku moja ya upweke. Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990 katika mikoa ya Morogoro na Iringa, na ndani yake hamna barabara za magari. Anayetaka kuiona hutembea. Ofisini nikaelezwa kuwa njia ya Sanje haipandwi bila mwongozaji. Niliomba niachwe niende peke yangu. Wakanikatalia kwa upole, wakanikabidhi kijana mmoja wa Kikristo ambaye, kwa kuiona kofia yangu, aliniita "shehe" tangu mwanzo hadi mwisho.

Kutoka kijiji cha Sanje njia huingia msituni na kupanda mfululizo. Miti ni mirefu kiasi kwamba adhuhuri hufanana na machweo. Kijana alinionyesha mbega wekundu wakirukaruka juu yetu, akanieleza kuhusu aina nyingine ya nyani wa msitu huo wanaoitwa kwa jina la Sanje, ambao wataalamu waliwatambua mwaka 1979 tu, ingawa wakazi wa vijiji vya hapo walikuwa wakiwafahamu. Nilimjibu kwa neno moja moja. Sikuwa nimekuja kuzungumza.

Mngurumo ulitufikia kabla ya maji kuonekana. Kisha msitu ukafunguka. Maporomoko ya Sanje hushuka mita 170 kwa hatua tatu, na manyunyu yake humlowesha mtu akiwa bado mbali. Upande wa pili, chini kabisa, limetandazwa Bonde la Kilombero: mashamba ya miwa, reli ya TAZARA, na mto unaoyapokea maji hayo na kuyafikisha Rufiji.

Wakati wa Adhuhuri ulikuwa umeingia. Nilikanyaga jiwe la pembeni ili nitawadhe, nalo lilikuwa na utelezi. Mguu ukaniponyoka. Kijana akanidaka mkono, akanivuta nyuma, nami nikaketi nimelowa hadi kiunoni, moyo ukinienda mbio. Hakunilaumu. Alisema tu, "Shehe, tawadhia hapa, maji ni yale yale."

Kibla nacho kilinishinda, maana jua lilikuwa utosini. Nilimuuliza kaskazini ni wapi. Akanyoosha mkono: ukilitazama bonde, kaskazini iko kushotoni kwako. Nikaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama msafiri, huku yeye amekaa kando kimya akinilinda.

Baada ya salamu nilibaki nikiyatazama maji. Ilinijia aya ya 74 ya Suratul-Baqara, ambayo nimeidarsisha mara kadhaa. Humo Mwenyezi Mungu (SW) anaieleza mioyo iliyosusuwaa hata ikayashinda mawe, kwa kuwa yapo mawe yanayotoa mito. Niliyaona mawe hayo mbele yangu. Swali lililobaki lilikuwa la moyo wangu. Nilikuwa nimeomba kuachwa peke yangu, na lau ningekubaliwa, huenda nisingerudi. Sasa nilikumbuka kwa nini Mtume (SAW) hakuupenda usafiri wa mtu mmoja.

Barua mfukoni ilikuwa imelowa. Ingeweza kuanikwa ikakauka. Sikuianika. Wakati wa kushuka nilimuuliza kijana habari za wazazi wake, tukazungumza mpaka kijijini.

Siku niliyofika nyumbani nilikwenda kwa mzee baada ya Magharibi, nikamtolea salamu mlangoni na kumwomba radhi kwa namna niliyomsemesha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Karibu ndani, katibu. Umekawia." Akaleta bahasha ya risiti. Mbili bado hazijaonekana, na kamati itazijadili kama inavyopasa. Amana haifutwi kwa kupeana mikono. Lakini sasa tunazitafuta pamoja.

Ndugu msomaji, ukijaaliwa kufika Sanje, vaa viatu visivyoteleza, jua kibla chako kabla ya kuingia msituni, na usimkatae mwenza utakayepewa.