Siku saba za maji ya karoti

Kama katika nyumba yako kuko mutu anayekunywa vidonge vya ugonjwa wa sukari, na kanisa lenu limetangaza kufunga, nakuomba usome mambo haya mbele hajaanza. Sitakuhubiria. Mahubiri unayasikia kila siku ya Mungu. Nitakuelezea tu namna nilivyofanya mimi mwenyewe katika mwaka wa 1993, na yale yaliyomupata yaya wangu kule Kolwezi juu ya barua niliyoandika kwa mukono wangu.

Wakati ule nilikuwa mwanafunzi katika inchi ya Ubelgiji, katika muji wa Louvain-la-Neuve. Ni muji wa ajabu kidogo. Walianza kuujenga katika mwaka wa 1971, kwa sababu Wabelgiji wa luga ya Kiflama na wale wa Kifaransa walishindwa kukaa pamoja katika iniversite ya zamani ya Leuven. Basi wale wa Kifaransa wakajengewa muji wao katika mashamba. Katikati ya muji watu wanatembea juu, motokari na treni zinapita chini. Siku ya tano jioni, wanafunzi wa Kibelgiji wanabeba mifuko ya nguo chafu, wanapanda treni, wanaenda kufuliwa na mama zao. Muji unabaki kimya kama makaburi, na wanaobaki ndani ni sisi watu wa mbali.

Tulikuwa sita katika nyumba moja, kila mutu na chumba chake, lakini jiko moja kwa wote. Nyumba ya namna hii wanaiita kot. Kila mutu alikuwa na sufuria yake na pahali pake katika frigo. Wewe musomaji unajua kwetu: bukari ni moja, sahani ya mboga ni moja, na kama mutoto mumoja hanyooshi mukono, mama anaona mara moja na kuuliza, "Uko na nini?" Kule unaweza kukosa kula siku tatu, na hakuna mutu atakayejua. Si ubaya wa moyo. Wanaogopa kuingia katika mambo ya mwenzao, wanaona kwamba ndiyo heshima.

Feza yangu ya kuishi ilitoka kwa watu fulani waliokubali kunisaidia. Tangu mwezi wa kumi na moja wa 1992 haikufika. Niliuliza, wakasema nivumilie. Kuomba nyumbani haikuwezekana. Baba alikuwa mufanyakazi wa Gécamines, kwenye usine ya Luilu, na ninyi wasomaji wa miaka yangu munakumbuka miaka ile. Mine ya Kamoto iliporomoka katika mwezi wa tisa wa 1990. Kampani iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, katika 1993 haikufikisha hata tani 60,000. Mushahara ulichelewa, na ulipofika haukununua kitu. Mposho nayo ikapunguka. Mimi niliyekuwa "mutoto wa Ulaya," namna gani niandikie baba kwamba nina njaa?

Basi nilikula makaroni na chumvi, na mukate wa jana. Wenzangu wakiniuliza kama nimekula, nilijibu nimekula. Nilisema uongo huo kila siku, na nilikuwa naenda kwenye kikundi cha sala bila shida yoyote.

Katika kot yetu kulikuwa binti mumoja Mujerumani, mwanafunzi wa mambo ya kilimo. Kwao ni karibu na ziwa la Constance, na mama yake alikuwa anaenda kila mwaka kufunga katika kliniki moja ya Überlingen, kando ya ziwa lile. Alinielezea habari yake. Kulikuwa muganga Mujerumani, Otto Buchinger, muganga wa merikebu za vita, aliyesumbuliwa sana na maumivu ya viungo. Katika mwaka wa 1919 alifunga siku 19, akajisikia muzuri, na tangu pale akafanya kufunga kuwa kazi yake. Kliniki ya Überlingen ilifunguliwa katika 1953. Wagonjwa hawali kitu. Wanakunywa kilauri cha maji ya matunda ao ya mboga, supu nyepesi iliyochujwa, chai ya majani na asali kidogo sana, na maji mengi. Yote pamoja haipite sana kalori 250 kwa siku, ni kusema chini kuliko sahani moja ya bukari. Lakini sikia neno hili ambalo mimi sikulisikia: kule hakuna anayeanza kufunga bila muganga kumupima, na kila siku wanamuangalia.

Mitihani ya mwezi wa kwanza ikamalizika. Yule binti akaleta mashini ya kukamua na mufuko mukubwa wa karoti, akaniuliza: "Unataka tufunge pamoja siku saba?" Nikaitika mbio kuliko ilivyofaa. Yeye alizani nina moyo wa nguvu. Kwenye kikundi cha sala nikasema nafunga kwa kuomba. Kweli ni hii, ndugu: katika kabati yangu mulikuwa chumvi tu, na karoti zilikuwa za bure. Kufunga kulinipa jina zuri la njaa yangu.

Siku ya kwanza tulikunywa chumvi ya kusafisha tumbo. Juu ya siku ile sisemi kitu, nyumba ilikuwa na choo kimoja kwa watu sita. Siku ya pili na ya tatu kichwa kiliuma kama nyundo, hasa kwa sababu ya kuacha kahawa kwa rafla. Siku ya ine asubui nikaenda kukojoa, nikaona mukojo mwekundu. Mutu aliyekulia kwetu, aliyeoga katika mito, akiona mukojo mwekundu anafikiri neno moja tu: bilharzia. Nikakimbia kwa muganga wa wanafunzi, natetemeka. Akaniuliza, "Ulikula nini?" Nikasema, karoti, na tangu jana betarave, ile kiazi nyekundu. Akacheka mpaka akavua miwani. Kwa watu wamoja rangi ya betarave inapita katika mukojo vile ilivyo, na haina ubaya. Lakini kisha kucheka aliniangalia vizuri, akaniambia nipande juu ya kilo. Kilo 54. Akaniuliza kama naweza kununua chakula. Nikasema, ndiyo.

Siku ya tano kukawa mwangaza. Njaa ikaisha, kichwa kikawa chepesi, nikajiona kama malaika. Leo najua sababu yake. Ini linaweka akiba kidogo ya sukari, inaisha karibu kwa siku moja. Kisha mwili unaanza kuchoma mafuta yake, na pamoja na mafuta unakula nyama yake vilevile. Uchomaji ule unatuliza njaa, na kinywa kinanuka kama tunda lililooza. Kilo mutu anazopoteza siku za kwanza, nyingi ni maji tu, zinarudi pamoja na bukari ya kwanza. Na ule "uchafu" ambao watu wanasema unatoka katika damu, hakuna aliyenionyesha ni uchafu gani. Damu inasafishwa na ini na figo kila siku, hata siku ya ndoa mutu anapokula mbuzi. Lakini siku ile ya tano sikujua, nilikuwa na furaha tu. Na katika furaha ile nikakamata kalamu.

Nilimuandikia yaya wangu, binti wa kwanza wa mama yetu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu miaka mitatu, alikunywa kidonge kila asubui. Nilimuambia kwamba Wajerumani wamepata njia ya kusafisha damu, kwamba Kwaresima inakaribia, kwamba Danieli na wenzake walikula mboga na maji siku kumi na nyuso zao zikawa nzuri kuliko za wengine. "Jaribu, yaya, sukari yako itapona." Niliandika hivyo, mimi mwanafunzi wa sheria. Padri mumoja aliyekuwa anarudi akabeba barua, kwa sababu posta ilikuwa imekufa.

Siku ya saba tulifungua kwa tofaa moja lililopikwa. Nilipanda ngazi na kuanguka magoti. Habari ya Ulaya inaishia pale. Yale mengine yalifanyika Kolwezi, mimi sikuwapo. Nayasimulia vile walivyoniambia.

Yaya alipokea barua katika juma la kwanza la Kwaresima. Ulikuwa wakati wa mapera. Akaponda mapera katika kinu, akakamua kwa kitambaa, akakunywa kilauri asubui na kilauri jioni. Kidonge chake hakukiacha, kwa maana mimi sikuandika neno juu ya vidonge. Sasa sikiliza vizuri. Kidonge cha namna ile kinasukuma mwili utoe insulini, hata kama tumbo ni tupu. Hakijui kwamba leo ni Kwaresima. Maji ya matunda yana sukari nyingi, kilauri cha maji ya machungwa kinaweza kuwa na gramu 20 na zaidi, karibu sawa na soda. Sukari inapanda kwa rafla, kisha inashuka, na hakuna bukari nyuma ya kuisimamisha. Kidonge kinaendelea kusukuma.

Siku ya tatu, saa ine ya asubui, yaya akaanza kutoka jasho kama mutu aliyetoka shimoni. Mikono ikatetemeka. Akasema maneno yasiyoeleweka, akamutukana mama, yeye ambaye hatukani. Wamama wa sala wakaitwa. Wakazani ni pepo, wakaanza kuimba na kumushika. Siwalaumu. Mutu mwenye kukosa sukari katika damu anafanana kabisa na mwenye pepo ao mulevi.

Jirani yetu ndiye aliyejua, sababu mume wake alikuwa kazi katika dispensere. Ni mama wa asili ya Kasai, tulikuwa tumepakana naye ukuta kwa ukuta tangu nilipokuwa mutoto. Akapenya katikati ya watu, akauliza: "Amekula? Amekunywa kidonge?" Akarudi kwake mbio, akaleta sukari. Ndugu musomaji, katika mwezi ule sukari haikuonekana katika kampi. Zilibaki kijiko mbili tu, alikuwa anaziweka kwa bui ya mutoto wake. Akazikoroga zote katika maji. Kwa kuwa yaya alikuwa angali anaweza kumeza, akamunywesha polepole. (Kama mutu amezimia, usimumwangie kitu katika kinywa, atapaliwa, mupeleke hospitali mbio.) Kisha robo saa yaya akauliza, "Munaimba nini?" Wakamupatia bukari, wakamupeleka kwa muganga, akabaki kule siku mbili.

Nilipata habari katika mwezi wa tano. Nilisoma barua ile nikiwa nimesimama katika jiko la kot, karibu na mashini ya karoti.

Nilirudi inchini katika 1996. Siku ya kwanza nilipiga magoti mbele ya yaya nikaomba musamaha. Akaniambia niinuke, akacheka, kisha akasema neno ambalo sikulingojea:

"Wee, unazani mi niliamini ile maneno ya Bajerumani? Bukari ilikuwa inabakia kidogo. Batoto yangu bane, na mama, na baba. Kama naacha kula, mama analia. Barua yako njo ilinipa ruhusa. Nilimuonyesha, nikasema: ona, hata kule Ulaya banafunga, ni dawa."

Nikanyamaza. Kwa maana ni mambo yaleyale niliyofanya mimi. Yeye Kolwezi, mimi Ubelgiji, kila mumoja alificha njaa yake chini ya kilauri cha maji ya matunda, na kila mumoja alimudanganya mwenzake. Basi nikamuambia habari ya makaroni na chumvi, ambayo sikuwa nimemuambia mutu. Akaacha kucheka. Akasema, "Na weye ulikuwa unatuandikia asema unakula nyama kila siku."

Leo yaya angali muzima, anapita miaka sabini. Siku hizi katika miji yetu ya mine kuko watu wanaouza maji ya majani katika chupa, wanasema yanaponyesha sukari, kansere, yote. Si jambo jipya. Kule Austria mutu mumoja, Rudolf Breuss, aliwaambia watu wenye kansere wafunge siku 42 na maji ya betarave na karoti. Hakuna uchunguzi uliohakikisha kwamba inaponyesha, na mugonjwa wa kansere anahitaji nyama ya mwili wake. Yaya wakimuletea chupa anauliza neno moja: "Na kidonge yangu, inasema nini juu yake?" Kama hawana jibu, anafunga mulango.

Yule mama jirani sikumuona tena. Mwisho wa mwezi wa tatu wa 1993, majuma machache tu kisha mambo ya sukari, watu wa Kasai walifukuzwa Kolwezi. Walijaa kwenye gare, wakingojea treni majuma na majuma, katika mvua, na wengi walikufa pale na njiani. Mama yangu alienda mara mbili kumutafuta na bakuli ya unga. Mara ya kwanza alimupata, akamupa. Mara ya pili treni ilikuwa imekwisha kuondoka. Yule mutoto wa bui, kama anaishi, anapita sasa miaka 30. Kilo moja ya sukari niliyowaletea kutoka Ubelgiji katika valizi, mama aliiweka juu ya kabati, na ilikaa pale mpaka ikawa jiwe.