Pedro Martínez: Safari ya Mrushaji Mwembamba

Mwaka 1990, kijana wa miaka 18 aliondoka Jamhuri ya Dominika katika safari iliyomfikisha Great Falls, mji wa jimbo la Montana, kaskazini mwa Marekani. Huyo ni Pedro Martínez, na alikuwa mrushaji wa besiboli: kazi yake ni kusimama juu ya tuta la udongo na kumtupia mpira mpigaji aliye umbali wa mita 18 hivi.

Kwao ni Manoguayabo, karibu na Santo Domingo. Baba yake, Paolino, naye aliwahi kuwa mrushaji. Mama yake, Leopoldina, alifua nguo za watu ili wanawe wale. Mipira haikupatikana kwa urahisi, hivyo watoto walirusha matunda, hata vichwa vya midoli ya dada zao. Aliyemfungulia njia ni kaka yake Ramón, mrushaji wa timu ya Los Angeles Dodgers. Pedro alimfuata Campo Las Palmas, chuo cha Dodgers hukohuko nchini kwao, akimbebea mkoba. Makocha wakamwona akirusha, na mwaka 1988 akasaini mkataba.

Chuoni hapo alisoma na Kiingereza, akakitilia maanani kama alivyoutilia maanani mkono wake. Ulikuwa uamuzi wa busara. Ligi ya Great Falls, alikopelekwa na Dodgers, ilikuwa miongoni mwa za chini kabisa, na timu zake zilisafiri kwa basi masafa marefu kati ya miji ya Montana, Idaho na Utah. Kijana asiyeweza kuagiza chakula wala kumwelewa kocha huweza kushindwa kabla ya kushika mpira. Pedro alishinda michezo 8.

Mwaka 1991 alipanda ngazi tatu kwa msimu mmoja: Bakersfield, San Antonio, kisha Albuquerque. Alishinda michezo 18. Kocha Guy Conti alimfundisha mtupo wa hila: mkono unakwenda kwa kasi ileile, lakini mpira unachelewa, na mpigaji anajikuta amepiga hewa. Tarehe 24 Septemba 1992 akaingia ligi kuu, akawakabili Cincinnati Reds kwa vipindi viwili bila kuwapa alama hata moja.

Lakini kufika ni kitu kimoja na kuaminiwa ni kingine. Wakuu wa Dodgers walipomtazama, waliona mwili mwembamba usiotimiza futi 6, wakatilia shaka kama ungehimili kuanza mchezo na kurusha hadi vipindi vya mwisho. Msimu wa 1993 alicheza michezo 65, karibu yote akiingizwa mchezo ukiwa umeshaanza. Mwaka ulipokaribia kuisha wakambadilisha na mchezaji wa Montreal Expos, Delino DeShields.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Montreal alimkuta meneja Felipe Alou, Mdominika mwenzake, aliyemkabidhi mpira tangu mwanzo wa mchezo, zamu baada ya zamu. Mwaka 1997 Pedro aliwatoa wapigaji 305 kwa straiki, yaani walioshindwa kuupiga mpira, na kupata tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora. Alipata nyingine mbili akiwa Boston, akatwaa ubingwa mwaka 2004, na mwaka 2015 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli. Mwili wake haukuongezeka kimo. Kilichoongezeka ni imani ya waliompa nafasi, na kipaji chochote kichanga kinastahili imani hiyo kabla hakijapimwa kwa rula.