Fungu la Matengenezo

Mengi yamegeuka katika jimbo la California tangu nilipohamia huko kutoka Tanga, walakini badiliko ninalolithamini kuliko yote ni lile ambalo halikupigiwa ngoma wala kukatiwa utepe: kwamba fedha za kutengeneza barabara za mitaa na njia za baiskeli, ambazo zamani zilipatikana kwa bahati na kwa kubembeleza, sasa zina fungu lao lililokatwa kwa sheria, na kila mwaka halmashauri ya mji haina budi kutamka hadharani ni barabara zipi zitakazotengenezwa kwa fungu hilo.

Nilifika Davis mwaka 1978 kusomea kilimo. Baiskeli haikuwa kitu kigeni kwangu, maana mtu wa Tanga huizoea tangu utotoni. Ndiyo impelekayo fundi kazini, ndiyo ipakiayo tenga la samaki na gunia la makaa, na asubuhi hujaa barabarani kama magari yajaavyo katika miji mingine. Jambo lililonishangaza Davis lilikuwa jingine: kwamba hapo baiskeli ilikuwa na haki. Ilikuwa na mstari wake uliochorwa barabarani, na gari halikuruhusiwa kuuvamia. Nilipodadisi, nikaelezwa kwamba bwana na bibi mmoja, Frank na Eve Child, walikuwa wameishi The Hague, huko Uholanzi, wakarudi na kuandika katika gazeti la mji kuuliza kwa nini na hapa kusifanywe vivyo hivyo; wenzao wakajiunga, saini zikakusanywa, na katika uchaguzi wa mwaka 1966 wakapatikana madiwani walioliunga mkono shauri hilo. Sheria ya jimbo ikabidi irekebishwe, kwa kuwa haikuutambua mstari wa namna ile, na mwaka 1967 Davis ikawa mji wa kwanza Marekani kuchora njia za baiskeli barabarani. Chuo kikuu nacho, chini ya mkuu wake Emil Mrak, kilikuwa kimekwisha azimia kujengwa kwa kumfikiria mwenye kupiga pedali.

Hayo niliyakuta tayari, nikadhani, kama mgeni yeyote angalivyodhani, kwamba kitu kikishapatikana kimepatikana. Ila mwaka ule ule niliofika, mwezi wa Juni, wapiga kura wa California walipitisha shauri lililojulikana kwa nambari 13, ambalo liliweka kikomo cha kodi ya majengo na ardhi kuwa asilimia 1 ya thamani, na kwa mara moja likayapunguzia mabaraza ya mitaa zaidi ya nusu ya mapato yale. Wenye nyumba walikuwa na malalamiko ya haki, sikatai. Kodi zilipanda hata wazee wakahofia kupoteza makazi yao. Lakini pesa zikipungua, kitu cha kwanza kuahirishwa ni kile kisichopiga kelele. Askari polisi hawezi kuahirishwa, wala zimamoto. Ufa katika lami waweza kungoja mwakani, na mwakani ukangoja tena. Ushuru wa petroli wa jimbo nao, ambao ndio mlezi wa barabara, ulifika senti 18 kwa galoni mwaka 1994, na kiwango hicho cha msingi kikakaa hapo miaka 23, ilhali bei ya lami na ujira wa wafanyakazi havikukaa.

Niliyaona matokeo kwa macho yangu, tena kutoka karibu, maana apandaye baiskeli huisoma barabara kwa viganja vya mikono. Udongo wa bonde lile ni wa mfinyanzi: masika hunywa maji ukavimba, kiangazi hukauka ukapasuka, na lami iliyo juu yake hupasuka nao. Aghalabu ufa hufuata urefu wa njia, na huo ndio wa hatari, kwa sababu gurudumu jembamba likiteleza ndani yake halitoki kwa hiari. Penye miti mikubwa, mizizi huinua lami ikawa matuta, na mafundi huyapaka rangi nyeupe ili mpita njia ayaone mapema. Rangi ile ilikuwa rahisi kuliko tiba. Katika mji wa jirani rafiki yangu mmoja, mwalimu, aliangushwa na tuta la namna hiyo jioni moja ya kiangazi akavunjika mfupa wa bega. Alipona, lakini hakuipanda tena baiskeli, na nadhani hasara hiyo haikuandikwa katika daftari la mtu yeyote.

Hapo ndipo nilipomkumbuka babu yangu, ambaye alikuwa msimamizi wa wakfu wa msikiti mdogo. Wakfu ule ulikuwa na minazi na nyumba mbili za kupangisha, na mapato yake yalitumika kwa utaratibu ambao babu hakuukubalia kuvunjwa hata na wakubwa wa mtaa: kwanza chokaa na boriti, yaani ukarabati wa mali yenyewe, kisha mafuta ya taa na mikeka, kisha, kama kimebaki kitu, hisani kwa wenye haja. Watu walimlaumu kwa kulitanguliza paa mbele ya maskini. Naye alijibu kwa upole kwamba fakihi wamekwisha kulikata shauri hilo, kuwa wakfu usiotengenezwa hufa, na ukifa maskini hana tena pa kwendea. Nimetafuta miaka mingi hoja iliyo bora kuliko hiyo kuhusu bajeti ya barabara, na sikuipata. Wahandisi wenyewe, ambao huipa barabara alama kutoka 0 hadi 100, huthibitisha kwamba ile iliyo na hali nzuri huhifadhiwa kwa tabaka jembamba la lami kwa gharama ndogo, na ile iliyoachwa ikaanguka hudai kufumuliwa mpaka kwenye kifusi, kwa gharama iliyo maradufu mara kadhaa.

Basi tarehe 28 Aprili 2017 Gavana Jerry Brown alitia saini Sheria ya Seneti nambari 1, ambayo kupita kwake kulihitaji theluthi mbili ya wabunge. Kuanzia tarehe 1 Novemba mwaka ule petroli ikaongezewa senti 12 kwa galoni, na dizeli senti 20. Magari yakatozwa ada ya mwaka kwa kadiri ya thamani yake. Na ushuru ukafungamanishwa na kupanda kwa bei za vitu, ili usigande tena. Katika mapato hayo hutolewa mafungu maalumu, mojawapo dola milioni 100 kila mwaka kwa miradi ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Na kinachosalia hugawanywa nusu kwa nusu, sehemu moja barabara kuu za jimbo, sehemu ya pili miji na wilaya. Mwaka uliofuata, Novemba 2018, walitokea waliotaka ushuru ule ufutwe kwa kura, na wapiga kura wakakataa. Niliipiga kura yangu kwa moyo wote.

Lakini sehemu ya sheria hiyo niipendayo zaidi ni masharti yake. Mji hauruhusiwi kupunguza fedha zake wenyewe kwa kuwa umepata za jimbo. Tena, kabla ya kupokea kitu, sharti upitishe katika kikao cha wazi orodha ya miradi: mahali, kazi itakayofanywa, lini itakwisha, na inatarajiwa kudumu miaka mingapi, kisha orodha ipelekwe kwa Tume ya Usafiri ya California. Mimi huhudhuria vikao hivyo. Ukumbi huwa karibu mtupu, na orodha husomwa kwa dakika chache, lakini jina la mtaa wako likiwamo, unayo haki ya kuuliza mwakani kwa nini halijatimizwa.

Kwetu nako shauri hili halikulala. Mwaka ule ule wa 2017 Tanzania iliunda TARURA kuzishughulikia barabara za vijijini na mijini, na katika bajeti ya 2021/22 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili yake. Mpwa wangu wa Tanga aliponipigia simu kunieleza, swali langu la kwanza lilikuwa kama orodha ya barabara hubandikwa mahali ambapo mwenye baiskeli ataiona. Akanijibu, “Mjomba, hilo njoo uliulize wewe mwenyewe.”

Shida inayokuja ni kwamba petroli yenyewe inapungua kutumika. Magari ya umeme hayalipi ushuru kwenye pampu. Tangu 2020 yaliyo mapya hutozwa dola 100 na zaidi kidogo kwa mwaka, nalo jimbo limekwisha jaribu kutoza kwa masafa badala ya mafuta. Jirani yangu ataka uzito wa gari uhesabiwe, kwani gari zito ndilo livunjalo barabara, na katika hilo namwunga mkono. Ombi langu kwa watakaoiandika sheria ijayo ni kwamba, namna yoyote ya utozaji watakayoichagua, fungu la mitaa na la baiskeli likatwe kwanza, na orodha ile iendelee kusomwa kwa sauti ukumbini.