Mahindi ya mama na yule bwana

Najua nimepotea humu karibu mwezi mzima, msinilaumu, testi zilifuatana kama siafu. Leo nina la kusema, na kwa mara ya kwanza halihusu bumu.

Jumapili mama alinipigia kutoka nyumbani, Kisorya. Akaniuliza kwanza kama nimekula, ndipo akasema: "Mwanangu, yule bwana kaja tena."

Yule bwana ni kiboko. Kwa wasiopajua, Kisorya ni kule Bunda ambako barabara inaishia majini, unapanda kivuko kwenda Rugezi, Ukerewe. Ziwa liko mlangoni. Bustani ya mama iko chini bondeni, na mahindi yaliyofika magotini yameliwa mistari sita kwa usiku mmoja. Ila kilichonitoa jasho si mahindi. Mama anataka aanze kulala kule, na tochi na debe la kupiga! Jamani, mnyama wa kilo 1,500 umtishe kwa debe? Ukisimama kati yake na maji, habari yako imekwisha.

Sasa mimi si ndiye msomi, nasoma kilimo hapa SUA. Nikamwambia kitu ambacho hata mimi kiliniingia vizuri mwaka huu tu: mahindi ni nyasi. Mpunga nyasi, mtama nyasi, ulezi nyasi, wote ukoo mmoja. Na kiboko chakula chake ni nyasi, usiku mmoja anamaliza hata kilo 40. Kwa hiyo machoni pake mama hajalima bustani, kamwekea malisho, tena mabichi, wakati kwingine kote kumekauka.

"Basi nipande nini?" Nikaanza kumwaga: vitunguu, pilipili, ufuta. Nikamkumbusha wenzetu wa Hunyari na Mariwanda wanaolia na tembo wa upande wa Serengeti, kwamba dhidi ya tembo watu hupaka kamba pilipili ya unga iliyochanganywa na oili chafu, wakazizungushia shamba. Pilipili inawawasha wanyama wanaonyonyesha, ndege hawaisikii kabisa. Hapo nilikuwa nimenoga kweli.

Mama akanyamaza kidogo. "Hiyo pilipili ndiyo tutasongea ugali?"

Sikujibu. Akaongeza: "Na huyo bwana hana miguu? Asipokula si atakanyaga?"

Hapo nikawa mdogo. Kwenye testi tunaulizwa mnyama anakula nini, hakuna aliyewahi kutuuliza anapita wapi. Mama anajua anapita wapi. Kiboko ana njia yake, hupita hapohapo kila siku, na ile njia inakata katikati ya mahindi yetu. Kumbe sisi ndio tulilima juu ya barabara ya mtu! Halafu sheria ya mazingira ya 2004 inataka tuache mita 60 kutoka ziwani, na mistari ile sita ilikuwa ndani ya hizo mita. Mama analijua hilo pia, ila udongo wenye maji kiangazi uko palepale.

Tulibishana mpaka salio langu likakata, akapiga yeye. Mwisho tukapatana hivi: ukanda wa chini urudi majani, ale huko. Njia yake isipandwe kitu. Pembeni yake vitunguu na pilipili chache za kuuza. Mahindi yapande juu karibu na nyumba, machache, ya kumwagilia kwa ndoo. Nimemtumia elfu ishirini ya mbegu za vitunguu (ndiyo, wiki hii ni maharage tu, msinicheke).

La kulala bondeni hakuniahidi. Alisema tu, "Tutaona."

Juzi usiku nikapiga, simu haipatikani. Nikapiga tena saa sita, haipatikani. Asubuhi akapokea anacheka, eti chaji iliisha. Sikumuuliza alilala wapi.

Ngoja niwahi kipindi.